Jibini, tangawizi na jina la Same

Septemba 2020, Umoja wa Ulaya na China walitia saini mkataba uliopita bila kelele nyingi katika magazeti yetu, ukaanza kutumika tarehe 1 Machi 2021. Kila upande ulileta orodha ya majina 100 ya vyakula na vinywaji vyake, na kila upande ukaahidi kuyalinda majina ya mwenzake katika soko lake. Orodha ya Ulaya ilikuwa na feta, jibini ya Ugiriki, na Queso Manchego, jibini ya Hispania. China ilileta chai, mchele na mengine, na kati yao likawemo jina la Anqiu Da Jiang, yaani tangawizi ya Anqiu, mji wa jimbo la Shandong. Tangu siku hiyo mfanyabiashara wa Ulaya haruhusiwi kuuza tangawizi ya mahali pengine kwa jina la Anqiu, kama ambavyo mwenzake wa China haruhusiwi kutengeneza jibini ya maziwa ya ng'ombe na kuiita Queso Manchego. Msomaji wa wilaya ya Same ana sababu ya kuusoma mkataba huo mara mbili. Tangawizi ya Mamba Miamba, Myamba na vijiji jirani vya milima ya Upare Kusini ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi Tanzania, lakini ikishateremka tambarare na kupakiwa lori la kwenda Dar es Salaam, Arusha au Mombasa, inakuwa tangawizi tu. Mlaji wa mwisho hajui imetoka mlima gani, na kwa kuwa hajui, hana sababu ya kuilipia zaidi. Hoja ya makala haya ni kwamba jina la bidhaa hutengenezwa kwa makusudi, kama barabara inavyotengenezwa: linahitaji kanuni, linahitaji chama cha wakulima wenyewe, na linahitaji serikali iliyo tayari kulibeba hadi kwenye meza za mazungumzo ya nje. Jibini za Ulaya ndizo ushahidi wa muda mrefu zaidi tulio nao kuhusu jambo hilo.

Tuanze na kwa nini jibini. Maziwa ni bidhaa ya kuhangaisha: yakikamwa asubuhi, kufikia jioni yanaweza kuwa yameharibika. Mfugaji wa karibu na mji huyauza yakiwa mabichi, lakini mfugaji wa milimani, penye njia mbaya na soko la mbali, hana nafasi hiyo. Watu wa milima ya Ulaya walijibu shida hiyo kwa kuyageuza maziwa kuwa kitu kinachokaa miezi, chepesi kubebwa na chenye thamani kubwa kwa kila kilo. Roquefort ni mfano mzuri. Inatoka kusini mwa Ufaransa, katika nyanda za mawe ambazo hazimpi mkulima mengi, kwa maziwa ya kondoo aina ya Lacaune, na huivia katika mapango ya kijiji cha Roquefort-sur-Soulzon. Mwaka 1411 mfalme Charles wa Sita aliwapa watu wa kijiji hicho haki ya pekee ya kuivisha jibini hiyo mapangoni mwao. Mwaka 1925 Bunge la Ufaransa likatunga sheria maalumu ya kulilinda jina lake. Kati ya tarehe hizo mbili kuna zaidi ya miaka mia tano ya kesi, marufuku na mabishano juu ya nani hasa ana haki ya kutamka neno moja. Nchi maskini ya mawe ilipata kitu ambacho mtu wa nchi tajiri zaidi hawezi kukinyang'anya kwa kulima kwa gharama nafuu.

Na jina likishakuwa mali, serikali hulipigania kama mali. Mwaka 1999 Marekani ilikasirishwa na uamuzi wa Ulaya wa kukataa nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni, ikalipiza kisasi kwa ushuru wa asilimia 100 juu ya bidhaa kadhaa za Ulaya, Roquefort ikiwemo. Wafugaji wa kondoo ambao hawakuwahi kuuza kilo moja ya nyama ya ng'ombe wakajikuta wanalipia ugomvi wa wengine. Mmoja wao, José Bové, akaongoza wenzake kubomoa mgahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa mjini Millau, akafikishwa mahakamani na kuwa mtu mashuhuri duniani. Januari 2009, serikali ya George W. Bush ikiwa mlangoni inaondoka, ilitangaza kuupandisha ushuru huo hadi asilimia 300. Wanadiplomasia wakafanya kazi, na miezi michache baadaye mapatano yakauzuia usianze. Ugiriki nayo ilipambana na nchi za Umoja wake wenyewe: Denmark na Ujerumani zilidai kwamba feta limekuwa neno la kila mtu, lakini mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ikasema feta ni ya Ugiriki. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaikuta Denmark na kosa la kuwaacha wazalishaji wake wasafirishe nje ya Ulaya jibini yenye jina hilo. Hakuna waziri wa Ugiriki aliyeona aibu kutumia miaka ya kazi ya serikali kwa ajili ya jibini nyeupe ya wachungaji.

Sisi tuna jina moja kubwa la aina hiyo, nalo liko jirani kabisa na Same. Nchini Japani kahawa ya Kilimanjaro ni maarufu sana, kiasi kwamba wauzaji wa kahawa wa huko wamejiwekea kanuni ya nani aruhusiwe kulitumia jina hilo. Kwa kanuni yao, Kilimanjaro ni kahawa ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba. Na mchanganyiko ukitaka kuitwa Kilimanjaro, sharti angalau asilimia 30 iwe kahawa hiyo. Kwa hiyo arabika ya Mbinga au ya Mbozi ikifika Tokyo huweza kuuzwa kwa jina la mlima ambao mkulima wake pengine hajawahi kuuona. Kanuni hiyo si ovu. Ina nia ya kumlinda mnywaji asidanganywe. Lakini iliandikwa huko, na wao, kwa ajili ya mnywaji wao. Mkulima wa Moshi au wa Mbinga hakukaa kwenye kikao kilichoamua mipaka ya jina la mlima wake. Mwenye jina asipoliandikia kanuni, mnunuzi huliandikia, na ni haki yake kufanya hivyo kwa sababu jambo limeachwa wazi.

Turudi Upare tuone uchumi wenyewe. Tangawizi hupandwa kwa vipande vya tunguu lake, hukaa ardhini miezi minane hadi kumi, na ikichimbwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ikikaushwa, kilo nne au tano za mbichi hubaki kama kilo moja. Maana yake ni kwamba mkulima anayeuza mbichi anasafirisha maji kwenye barabara za mlimani, kisha kwenye barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na matope. Anauza mali inayoanza kunyauka na kuota ukungu muda si mrefu baada ya kuchimbwa, na mnunuzi anayesimama mbele yake anajua hivyo. Hapo ndipo lumbesa huingia: gunia linashonewa kilemba, linajazwa kupita kipimo cha halali, na mkulima anakubali kwa sababu lori likiondoka bila mzigo wake huenda asipate lingine wiki hiyo. Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa kwa miaka mingi, na sheria iko wazi, lakini lumbesa ni dalili. Ugonjwa ni kwamba upande mmoja wa biashara unaweza kusubiri na mwingine hauwezi. Katika kila soko la mazao bei huelekea kwa yule mwenye uwezo wa kusubiri.

Jibini ya Parmigiano Reggiano ya Italia inaonyesha vizuri jinsi jina linavyonunua muda. Chama cha wazalishaji wake kilianza mwaka 1934. Kanuni zake zinataja eneo, chakula cha ng'ombe na namna ya kutengeneza, na zinataka kila gurudumu la jibini, ambalo huwa na uzito wa karibu kilo 40, likae kwenye rafu miezi isiyopungua 12. Mwaka mzima bila kuuza ni muda mrefu kwa mtu anayelipa madeni. Lakini kwa kuwa kila gurudumu limepigwa muhuri, limekaguliwa na kila mtu anajua ni nini, benki ya Credito Emiliano imekuwa tangu miaka ya 1950 ikiyapokea magurudumu hayo kama dhamana ya mkopo na kuyatunza katika maghala yake. Mtengenezaji hupata fedha leo na jibini inaendelea kupanda thamani. Tanzania hatuna haja ya kuagiza wazo hili: Sheria ya Stakabadhi Ghalani ilitungwa mwaka 2005, na wakulima wa korosho wa Kusini wameizoea kwa faida na kwa lawama zake. Kinachokosekana kwa tangawizi ya Same ni daraja la ubora ambalo mwenye ghala, benki na mnunuzi wa mbali wote wanaliamini bila kwenda kufungua gunia. Benki haikopeshi kwa kitu kisichojulikana ni nini. Tangawizi iliyokaushwa kwa kiwango kimoja, ikakatwa kwa namna moja, ikapimwa unyevu na kufungwa kwa jina la chama kimoja ni dhamana. Rundo la mbichi kando ya barabara haliwezi kuwa dhamana hata liwe tamu kiasi gani.

Wapo watakaosema kwamba vyama vya namna hiyo ni mambo ya Wazungu, na kwamba ushirika kwetu umeshindwa mara nyingi mno. Sehemu ya pili ya malalamiko hayo ina ukweli, kwani vyama vingi vya ushirika viliwaangusha wakulima waliovijenga. Sehemu ya kwanza haina ukweli hata kidogo, na Upare ni mahali pabaya pa kuitolea hoja hiyo. Kwa vizazi vingi watu wa milima hii wamechimba na kutunza ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji ya vijito usiku na kuyagawa mashambani mchana. Ndiva haiwezi kufanya kazi bila kanuni: zamu ya kila ukoo au kitongoji, adhabu kwa anayefungulia maji kwa wizi, na msaragambo wa kusafisha mifereji ambao asiyehudhuria hutozwa. Hicho ndicho hasa kinachofanywa na chama cha jibini, ila badala ya maji wanagawana sifa. Historia inatoa ushahidi mwingine ulio mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilipoleta kodi ya kukadiria mali iliyoitwa mbiru, Wapare waliikataa, na Januari 1945 maelfu waliteremka hadi makao ya wilaya hapa Same na kukaa kwa zamu, mwezi baada ya mwezi, huku wengine wakibaki nyumbani kulima na kuwapelekea chakula. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi waliingia barabarani wenyewe. Kodi ile ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliliandikia tukio hilo kitabu kizima, na jambo moja halipaswi kusahaulika ndani yake: ugomvi ulihusu mfumo wa kukadiria mali, yaani nani anapima thamani ya shamba la mtu na kwa kipimo gani. Swali hilohilo ndilo lililo ndani ya lumbesa.

Pingamizi zito zaidi linahusu bidhaa yenyewe. Je, tangawizi ya Same ni tofauti kweli na ile ya Kigoma, ya Ruvuma au ya Usambara? Hilo ni jambo la kupima, na wapo wa kulipima: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, Shirika la Viwango. Mafuta yake ni kiasi gani, ukali wake, nyuzi zake, na je, mvua na ukungu wa milima chini ya msitu wa Shengena vinaleta tofauti inayoonekana maabara? Hata hivyo mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki, uliofikiwa mwaka 1994, hautaki bidhaa iwe ya ajabu. Unataka ubora, sifa au tabia nyingine ya bidhaa itokane kwa kiasi kikubwa na mahali inakotoka. Sifa inatosha. Pilipili ya Penja ya Kamerun ilikuwa ikijulikana kwa wapishi wachache kabla wakulima hawajakaa pamoja, wakachora mpaka wa udongo wao wa volkano, wakaandika kanuni na kusajili jina mwaka 2013 katika shirika la hakimiliki la nchi zinazozungumza Kifaransa barani Afrika. Baada ya hapo bei aliyoipata mkulima ilipanda mara kadhaa. Rooibos ya Afrika Kusini ikafuata kwa kusajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2021.

Wengine watasema: kwanza barabara, kwanza kiwanda, jina baadaye. Barabara ni ya lazima na hakuna anayebisha. Kiwanda kilijengwa Mamba Miamba kwa juhudi za wakulima na kwa msukumo mkubwa wa aliyekuwa mbunge wao, Anne Kilango Malecela, na Rais Jakaya Kikwete alifika kukizindua. Tangu hapo kimepitia vipindi vya kusuasua na kufufuliwa. Sioni katika historia hiyo aibu kwa waliokijenga; naona kwamba mashine husaga tangawizi lakini haimpati mnunuzi. Unga wa tangawizi usio na jina unashindana na unga wa India na wa China kwa bei tu, na kwa bei tu milima ya Same haiwezi kushinda nchi zinazovuna kwa mamia ya maelfu ya tani. Jina na kiwanda vinapaswa kutembea pamoja, kwa sababu kimoja bila kingine kinasubiri.

Pingamizi ninaloliogopa mimi mwenyewe ni hili: jina likishapata thamani, wenye nguvu hulichukua. Tequila ya Meksiko inalindwa kisheria tangu mwaka 1974, lakini kanuni zake zinaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa isitoke kwenye mmea wa agave, na mkulima wa agave amekuwa akipigwa na mawimbi ya bei wakati makampuni makubwa yanaendelea kustawi. Kanuni ziliandikwa na wenye viwanda, zikawa na sura ya wenye viwanda. Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito. Kanuni za tangawizi ya Same zikiandikwa Dar es Salaam na wasafirishaji, mkulima wa Myamba atabaki alipo, ila sasa atakuwa na muhuri. Zinapaswa kuandikwa vijijini, zikataja mbegu, muda wa kuvuna, namna ya kukausha, uzito wa gunia, na mpaka wa eneo. Na mpaka huo usiguse msitu huo wa Shengena, yaani hifadhi ya msitu wa Chome. Bei nzuri humshawishi mtu kupanda juu zaidi mlimani, na msitu ule ndio unaozipa ndiva maji. Anayeukata kwa ajili ya tangawizi anaikata tangawizi ya jirani yake wa chini.

Sasa sera ya nje. Tangu mwaka 2001 Tanzania imetangaza kuwa sera yake ya nje inaongozwa na diplomasia ya uchumi. Katika mwaka huohuo Ulaya ilifungua soko lake bila ushuru kwa nchi maskini zaidi kwa kila bidhaa isipokuwa silaha, kwa hiyo tangawizi yetu huingia Ulaya bila ushuru, na kuwapigania wakulima wa Same kwa kuomba ushuru upunguzwe ni kupigania mlango ulio wazi. Mwaka 2016 tulikataa kutia saini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Ulaya na Afrika Mashariki, kwa hofu ya kuua viwanda vyetu, na Kenya ikaendelea peke yake hadi mkataba wake ukaanza kutumika Julai 2024. Hofu ile ilikuwa na msingi. Lakini kukataa ni nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili ni kusema tunachotaka. Wazungu wakija mezani huja na orodha ya jibini na mvinyo wao, kurasa kwa kurasa. China walikwenda na tangawizi ya Anqiu. Ethiopia, kwa kuona kwamba haiwezi kumfuatilia kila mkulima wa kahawa, ilichagua njia ya alama za biashara, ikayaombea usajili nchini Marekani majina ya Sidamo, Harrar na Yirgacheffe kuanzia mwaka 2005, ikakabiliana na upinzani wa wafanyabiashara wakubwa wa kahawa, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na Starbucks. Nchi iliyokuwa maskini kuliko yetu wakati huo ilifanya hivyo.

Sheria zetu za ndani nazo zina pengo. Zanzibar, ambako mambo haya hayako chini ya Muungano, ilitunga sheria yake ya mali za viwandani mwaka 2008, na ndani yake majina ya mahali yamepewa nafasi, jambo lenye maana kubwa kwa karafuu. Tanzania Bara kwa miongo imetegemea Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, iliyofikiria zaidi alama ya kampuni kuliko jina la mlima wenye maelfu ya wakulima. Kwa kuwa sisi ni nchi yenye maendeleo duni, Shirika la Biashara Duniani limetuondolea wajibu wa kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa hakimiliki hadi Julai 2034, na wapo wanaoona muda huo kama ruhusa ya kutofanya lolote. Mkataba uleule unasema nchi nyingine hazilazimiki kulinda jina ambalo halilindwi katika nchi linakotoka. Kwa hiyo msamaha huo, ambao ni mzuri kwa dawa na kwa teknolojia, hautusaidii chochote kwa tangawizi: kila mwaka tunaoutumia ni mwaka ambao Ulaya, Japani na hata jirani zetu hawana cha kulinda. Bunge linaweza kuziba pengo hilo bila kumsubiri mfadhili yeyote, na Wizara ya Mambo ya Nje inaweza kuingia katika kikao kijacho cha biashara ikiwa na karatasi yenye majina machache tu, kahawa ya Kilimanjaro juu, na chini yake tangawizi ya Same.